Asante haijazi sufuria ya mwalimu

BUNIA, Ituri – Jumatatu ya kwanza ya Septemba imefika tena, na likizo kubwa imekwisha. Tangu asubuhi mapema watoto wenye nguo za bluu na nyeupe wanatoka Mudzipela, Saio, Bankoko, Nyakasanza na Lumumba. Wanakatiza Boulevard de Libération katikati ya pikipiki, wengine wakiwa na mfuko mpya, wengine na daftari moja ndani ya shasheti ya duka. Kutoka kambi za wakimbizi wa ndani wanakuja pia watoto wasio na nguo za shule, wakishikana mikono kwa sababu njia ya shule hii bado hawaijui.

Kwenye uwanja wa shule, kiongozi anashika mikro. Anawakaribisha wazazi, anasifu usalama, halafu anafikia sehemu ambayo kila mtu anaijua kwa moyo. Anasema mwalimu ni nguzo ya taifa, kwamba bila mwalimu hakuna daktari, hakuna jenerali, hakuna mbunge. Watu wanapiga makofi. Walimu wamepangwa mstari mmoja mbele ya bendera, na wao wanapiga makofi kidogo, kwa heshima.

Hotuba hiyo inarudi mara tatu kwa mwaka. Inatolewa Septemba wakati wa kuanza masomo. Inatolewa Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani. Inatolewa Aprili 30, siku ya elimu nchini Kongo. Makofi yakiisha, kiongozi anapanda gari, wazazi wanarudi sokoni, na mwalimu anaingia darasani akiwa na deni la mwezi uliopita kwenye duka la jirani.

Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi. Na mtu anayedaiwa, akija kutoa asante badala ya kulipa, anaomba deni lake lisahaulike. Ndiyo maana sifa hizi za kila Septemba zinastahili kukataliwa, kwa adabu lakini kwa sauti inayosikika, mpaka ziambatane na kitu.

Mwalimu asiye na jina kwenye listi

Watu wengi wa Bunia wanaamini kila mwalimu wa shule ya serikali analipwa na serikali. Si kweli. Kuna mwalimu mwenye namba ya matrikule, ambaye jina lake liko kwenye listi ya malipo. Na kuna yule anayeitwa NP, yaani asiyelipwa. Huyu wa pili ana barua ya kuwekwa kazini. Ana darasa. Inspekta akija, anamkagua na kumpa alama. Mtoto akishindwa mtihani, mzazi anamlaumu. Lakini siku ya mshahara, jina lake haliitwi.

Ili jina liingie kwenye listi, faili lake lazima lisafiri. Linatoka shuleni, linapita kwa wasimamizi wa shule za kanisa au za serikali, linafika kwa idara inayopanga mishahara ya walimu, ile iliyoitwa SECOPE na leo inaitwa DINACOPE, na mwisho linafika Kinshasa. Njiani faili linaweza kulala miaka. Mwalimu anangoja. Anafunga ndoa akingoja, anazaa watoto akingoja, na watoto wake wanaingia darasani kwake mwenyewe, naye bado anangoja.

Yanayouma zaidi yaliandikwa na serikali yenyewe. Mwaka 2020 wakaguzi wa fedha wa serikali, wanaojulikana kama IGF, walichunguza pesa za elimu na kusema kwamba ndani ya mfumo wa malipo kulikuwa na shule zisizokuwapo na walimu wasiokuwapo. Maana yake ni hii: mtu ambaye hajawahi kushika chaki alilipwa kwa sababu jina lake limeandikwa, na mtu anayeshika chaki kila asubuhi hapa Bunia hakulipwa kwa sababu lake halijaandikwa. Kiongozi anayemsifu mwalimu bila kutaja listi hiyo anakwepa jambo lenyewe.

Nani alilipa masomo ya bure?

Wazazi wenye umri wa miaka arobaini kwenda juu wanakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, uchumi ulianguka, mishahara ya walimu ikageuka karatasi, na migomo ikafunga shule. Ili watoto wasikose mwaka, wazazi na makanisa yanayosimamia sehemu kubwa ya shule za nchi walikubaliana kwamba mzazi atatoa kitu kidogo cha kumsaidia mwalimu. Pesa hiyo ikaitwa primu. Ilikuwa iwe ya muda mfupi tu. Ikadumu zaidi ya miaka ishirini na tano.

Primu iliumiza. Kila mwezi kulikuwa na watoto waliofukuzwa darasani mbele ya wenzao kwa sababu ya pesa. Mjane, mkulima aliyekimbia vita, mama mwenye watoto sita, wote walilazimika kuchagua nani asome na nani abaki nyumbani. Mara nyingi aliyebaki ni msichana.

Kwa hiyo Septemba 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipotangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni bure, ilifanya jambo la haki. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema hivyo tangu zamani. Familia za wakimbizi wa ndani zilifurahi kuliko wote, na walikuwa na sababu. Mtu wa Ituri anayetaka primu irudi anataka mtoto wa kambini arudi kukaa mlangoni mwa hema.

Lakini hesabu haikufungwa vizuri. Kabla ya 2019, mwalimu NP aliishi kwa primu peke yake. Primu ilipofutwa kwa siku moja, mshahara wa serikali ulipaswa kumfikia siku hiyo hiyo. Kwa wengine ulifika, kwa wengine haukufika. Wakati huo huo watoto waliongezeka. Darasa lililojengwa kwa watoto arobaini au hamsini likapokea mara mbili yake. Mbao za kukalia hazikutosha, wengine wakakaa chini, na shule kadhaa zikaanza kufundisha kwa zamu, kundi la asubuhi na kundi la mchana.

Basi masomo ya bure yalilipiwa na nani? Mzazi aliacha kulipa, na serikali haikulipa kila mahali. Mzigo ulianguka juu ya mwalimu asiyelipwa, aliyeendelea kufundisha kundi kubwa zaidi kwa pesa kidogo zaidi, au bila pesa kabisa. Yeye ndiye mfadhili mkubwa wa elimu ya bure katika Ituri, na hakuna bango lolote mjini lenye jina lake.

Mwalimu naye ni mkimbizi

Tangu Desemba 2017, vita vilipowaka tena katika teritware ya Djugu, vijiji vingi vilihama. Waliohama hawakuwa wazazi na watoto peke yao. Mwalimu pia alifunga kitambaa chake, akachukua watoto wake, akaacha nyumba na shamba. Baadhi ya shule zilihama pamoja na watu wake, zikaja kukaa ndani ya shule nyingine hapa mjini au chini ya turubai karibu na kambi.

Mtoto wa kambini anaposoma, mara nyingi anayemfundisha analala hema la tatu au la nne kutoka kwao. Walikimbia usiku mmoja. Mwalimu huyo anajua kwa nini mtoto wa mstari wa nyuma hasemi tangu mwaka jana. Anajua nani alizika mama yake njiani. Kazi yake inaanza kabla ya hesabu na Kifaransa, kwa kumfanya mtoto akubali kukaa mahali pamoja mpaka saa sita.

Na mshahara wake, kama anao? Mwalimu wa shule iliyohama anaweza kuandikwa bado mahali alipokimbia. Ikiwa malipo yanafanyika huko au karibu na huko, lazima afuate barabara ya taifa namba 27 kuelekea Djugu na Mahagi, barabara ambayo magari yamevamiwa mara nyingi na watu kuuawa. Analipa nauli kwenda na kurudi, na anahatarisha roho ili kuchukua kile alichokwisha kukifanyia kazi. Asipokwenda, anaweza kuhesabiwa kuwa hayupo kazini.

Misaada ikija kambini, mtoto wa shule anapata mfuko, madaftari na kalamu. Ni vizuri, na watu wanashukuru. Mwalimu wake anasimama kando akisaidia kupanga foleni, kisha anarudi hemani mikono mitupu. Kwenye karatasi za kambi yeye ni mkuu wa familia kama wengine, na kwenye karatasi za shule ni mtu mwenye kazi. Kila ofisi inadhani ofisi nyingine inamtunza.

Listi ya mwalimu na listi ya komanda

Kuna mahali ambapo mwalimu asiyelipwa ni tatizo la elimu tu. Katika Ituri ni tatizo la usalama, na wazee wa Bunia hawahitaji kuelezwa sababu.

Mwaka 2002 na 2003 mji huu uliona watoto wenye bunduki ndefu kuliko wao. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya mjini La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kwa kosa la kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo, na ilihusu watoto wa Ituri. Miaka miwili baadaye, Machi 2014, mahakama hiyo hiyo ilimhukumu Germain Katanga kwa kushiriki katika uhalifu wa Bogoro wa Februari 24, 2003. Kesi hiyo ilionyesha kwamba shule ya Bogoro ilikuwa imegeuzwa kambi ya askari wa UPC, na raia waliokimbilia humo waliuawa humo. Kesi hizi mbili zilihusu pande zilizokuwa zikipigana. Mtoto wa kila upande alipoteza.

Somo lake ni rahisi. Kila asubuhi katika Ituri kuna listi mbili zinazotafuta mtoto. Moja iko mkononi mwa mwalimu, anayeita majina na kuuliza kwa nini fulani hakuja. Nyingine iko mkononi mwa komanda, ambaye naye anahitaji vijana na haulizi umri. Mwalimu akiacha kazi kwa njaa, akaenda kuchimba dhahabu au kuendesha pikipiki ya kubeba watu, listi ya kwanza inafungwa. Ile ya pili inabaki wazi.

Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Askari wametumwa, operesheni zimefanyika. Lakini hakuna operesheni inayohesabu watoto wa kijiji kimoja kimoja kila siku saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu anafanya hivyo kwa chaki na daftari. Anayetaka amani ya kudumu katika Ituri na hataki kumlipa mwalimu, hajui amani inatengenezwa wapi.

Majibu matatu yanayotolewa kila mara

Jibu la kwanza ni kwamba serikali haina pesa kwa sababu ya vita. Vita vipo kweli, na askari anapaswa kulipwa. Lakini mwaka 2021, wakati vita vikiwapo, wabunge wa taifa walipewa jipu mpya, watu wakajifunza jina la Palisade nchi nzima. Oktoba mwaka huo huo walimu waligoma, na wanafunzi wa Kinshasa wakiwa na nguo zao za shule waliingia mpaka ndani ya jengo la Bunge, wakidai warudishiwe walimu wao. Watoto hao walielewa hesabu ya taifa bila kufundishwa uchumi. Pesa hugawanywa kwa kufuata nani anaogopwa, na mwalimu amekuwa mpole kupita kiasi.

Jibu la pili ni kwamba ualimu ni wito. Hili husemwa hasa na watu wa dini, na husemwa kwa upendo. Lakini padri na pasta wana wito, na waamini wanawaletea kuku na mihogo. Daktari ana wito na analipwa. Mwenye wito naye anakula. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO ya mwaka 1966, ambayo ndiyo sababu Oktoba 5 ikawa siku ya walimu, yanasema wazi kwamba mshahara wa mwalimu ulingane na uzito wa kazi yake na umwezeshe kuishi na familia yake kwa heshima. Anayesherehekea Oktoba 5 bila kutaja mshahara anasherehekea kitu ambacho hajasoma.

Jibu la tatu ni gumu zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Watu wanasema kuna walimu wanaouza pointi, wanaolewa, wanaowatongoza wanafunzi wa kike. Wapo. Anayefanya hivyo na mtoto wa mtu afikishwe mbele ya sheria, na umaskini usitumike kumtetea. Lakini mwenye shule anayekataa kulipa hawezi kusimamia. Direkta atamwambia nini mwalimu NP aliyechelewa? Kwamba atakatwa mshahara gani? Kumlipa mwalimu ndiko kunakompa mzazi haki kamili ya kumdai kazi safi.

Wazazi nao wana sehemu yao

Lawama zote zisipelekwe Kinshasa. Katika Bunia kuna familia zinazokataa binti yao asiolewe na mwalimu, wakisema atakula chaki. Kuna mwenye nyumba anayependa mpangaji wa kazi yoyote isipokuwa ualimu. Kuna mzazi anayemtukana mwalimu mbele ya mtoto, halafu anashangaa mtoto hataki kusoma. Shukrani ya punda ni mateke, na mateke mengine yanatoka hapa hapa mtaani.

Familia ya kambini haina pesa ya kumpa mwalimu, na asitokee mtu wa kuidai. Sheria iko upande wake. Lakini heshima haiuzwi. Mzazi anaweza kufika shuleni kumjua mwalimu wa mtoto wake kabla ya siku ya matokeo. Anaweza kumwita mwalimu kwa jina lake, kumwamkia sokoni, kumtetea anaposingiziwa. Kamati ya wazazi inaweza kujitolea siku moja kuziba turubai linalovuja, kwa maana mvua za Septemba na Oktoba hazingoji mtu. Wenye shamba karibu na shule wanaweza kumwachia mwalimu mkimbizi kipande cha kupanda maharage na lenga-lenga. Hayo hayachukui nafasi ya mshahara. Yanamwambia mtu kwamba anaonekana wakati mshahara unatafutwa.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo wazazi wanaweza kufanya, na halina gharama: kuuliza. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi mwaka huu, kila shule ya Bunia na ya kambini iulizwe swali moja mbele ya watu wote: hapa kuna walimu wangapi, na wangapi hawalipwi? Jibu liandikwe kwenye karatasi na libandikwe mlangoni mwa ofisi ya direkta. Leo hesabu hiyo iko ndani ya makabati. Ikikaa mlangoni, mzazi ataisoma, mwandishi wa habari ataisoma, na mbunge akija kuomba kura ataikuta.

Kabla ya Oktoba 5

Kati ya leo na Siku ya Walimu Duniani kuna karibu mwezi mmoja. Hautoshi kutengeneza kila kitu, lakini unatosha kuonyesha nani ana nia.

Wakuu wa elimu wa jimbo watangaze hadharani mafaili ya walimu NP wa Ituri yamefika ofisi gani na yanangoja saini ya nani. Mwalimu wa shule iliyohama alipwe pale anapofundisha, asitumwe tena kwenye barabara ya 27 kutafuta mshahara wake. Makanisa yanayosimamia shule yaseme juu ya jambo hili kwenye ibada ya Jumapili, kwa sababu shule ni zao pia. Mashirika ya misaada yanapohesabu watoto wa kuwapa madaftari, yahesabu na yule atakayesahihisha madaftari hayo.

Yasipofanyika hayo, basi Oktoba 5 viongozi wawaonee walimu huruma na kuacha kuwapanga mstari kwenye jua ili wasifiwe. Siku hiyo wawaache wabaki darasani. Mtoto mmoja wa kambini, aliyekuja leo bila kujua njia, atakuwa ameshaizoea. Atakaa chini kwa sababu mbao hazitoshi, ataita "présent" jina lake likisomwa, na mwalimu ataweka alama ndogo ya kalamu pembeni ya jina hilo. Alama hiyo ndiyo inayojulisha Ituri kwamba mtoto huyo yuko salama. Anayeiweka bado anangoja jina lake mwenyewe lisomwe.